Walikale iko mbali na tribunali, hapana mbali na sheria

Mutu akitoka Goma anapita Sake, anapanda milima ya Masisi yenye malisho ya ngombe na mashamba ya viazi, kisha anashuka ndani ya musitu wa Walikale. Teritwari ya Walikale peke yake iko na zaidi ya kilometa za mraba 23,000, karibu sehemu mbili kwa tano za jimbo lote la Kivu ya Kaskazini. Inakosa kidogo tu kufikia ukubwa wa Rwanda. Wakati wa mvua, motari mwenyewe anashuka na kusukuma pikipiki katika matope. Sheria nayo inapita njia ile ile, tena polepole. Lakini neno la mudomo, lile linafika mbio, halingojee barabara.

Tuchukue mufano mumoja. Ukiuliza watu barazani, wengi watakuambia kwamba katika inchi yetu mwanaume anayependa mwanaume mwenzake, ao mwanamuke anayependa mwanamuke, lazima afungwe. Uliza tena: kwa kifungu gani? Hapo wananyamaza. Kitabu chetu cha sheria ya azabu, kilichotoka mwaka 1940, hakina kifungu kinachosema hivyo. Mwaka 2010 pendekezo la kuwaazibu lililetwa Bungeni. Halikupita kuwa sheria. Uganda, ndiyo, mwaka 2023 waliweka sheria kali sana, yenye kifungo cha maisha na, kwa hali fulani, kifo. Burundi waliweka yao mwaka 2009. Lakini Congo iko na majirani tisa, na sheria ya jirani haivuke mupaka pamoja na lori za mafuta na sabuni.

Tusifiche kitu. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 40, inasema ndoa ni ya watu wa jinsia mbili tofauti. Na kifungu cha 176 cha sheria ya azabu kinakataza matendo ya kuvunja adabu mbele ya watu. Kwa jina la kifungu hicho watu wamekwisha kukamatwa. Lakini kukataza ndoa ni jambo moja, na kumufunga mutu kwa sababu ya namna alivyo ni jambo lingine. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 17, inasema hakuna mutu wa kukamatwa ao kuhukumiwa isipokuwa kwa nguvu ya sheria.

Wasomaji wetu watauliza: watu wanakufa kwa vita na njaa, mambo haya yanatuhusu nini? Tunajibu: mukumbuke Luvungi. Tangu tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya barabara ya Kibua na Mpofi, kule Walikale, wenye silaha waliingia na kubaka. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu wasiopungua 303. Wengi sana walikuwa wanawake na wasichana. Lakini walikuwa pia wanaume 13 na watoto wanaume 3.

Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inasema wazi kwamba mwanaume naye anaweza kubakwa, na aliyemubaka anaazibiwa. Sasa, baba wa watoto aliyetendewa vile ataenda kusema kwa nani? Anaogopa jina. Anaogopa majirani watasema amekuwa mwanamuke, ao alikuwa hivyo tangu zamani. Anaogopa kanisa, anaogopa bibi yake. Basi ananyamaza, na masaa 72 ya kupata dawa ya kuzuia ukimwi yanapita. Chuki tunayopanda juu ya watu wachache inafunga mudomo wa watu waliobakwa. Na mubakaji ndiye anayefurahi.

Hatusemi muchungaji aache kuhubiri, wala mzee wa kijiji aache desturi yake. Kila mumoja ana haki ya kuamini. Lakini kuhubiri si kupiga, na kushauri si kuchoma nyumba ya mutu. Vita imetuletea wakubwa wapya, leo huyu kesho yule, na kila mwenye bunduki anaweka sheria yake kwa barieri. Tukikubali kundi la watu lihukumu kijana kwa sababu ya neno lililosikika tu, kesho litahukumu mama muzee kwa uchawi, na kesho kutwa mufanyabiashara kwa kabila lake. Tumekwisha kuona hayo.

Tunaomba vitu vitatu vidogo. Waamuzi wasafiri, tribunali ya kutembea ifike Masisi na Walikale wakati njia inaruhusu, maana watu hawana pesa ya kuifuata mbali. Radio za huko zieleze vifungu hivyo kwa Kiswahili, Kihunde na Kinyanga, ili kila mutu ajue kilichoandikwa na kisichoandikwa. Na kila muganga wa kituo cha afya ampokee mwanaume aliyebakwa bila kumuuliza yeye ni mutu wa namna gani. Amuulize tu: ilikuwa siku gani, saa ngapi? Kwa maana masaa 72 hayangojee mutu.