Hijama ni Sunna, Lakini Mshika Wembe Ana Dhamana



Siku hizi hapa Dar es Salaam, kuanzia Mikocheni hadi Temeke, hijama imekuwa tiba ya kawaida. Tunafurahi kuona Sunna ikihuishwa. Hata hivyo, ni wajibu wetu kukumbushana mipaka yake.

Tiba hii si ngeni kwetu. Wazee wa pwani waliiita kuumika, au kupiga chuku. Chuku ni pembe iliyotobolewa nchani. Huwekwa juu ya ngozi iliyochanjwa, mwumishi akavuta hewa kwa kinywa, kisha akaziba tundu. Naye Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Imam Bukhari, aliumikwa kichwani kwa sababu ya maumivu, hali yumo katika ihram.

Lakini historia ina onyo. Ulaya na Marekani matabibu walikata mishipa na kutoa damu kwa karibu kila ugonjwa. Mwezi Desemba 1799, George Washington, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Marekani, aliugua koo. Alitolewa damu mara kadhaa kwa siku moja, na usiku uleule akafa. Mwaka 1835 tabibu wa Paris, Pierre Louis, alichapisha hesabu za wagonjwa wake wa nimonia, ikabainika kwamba faida ya kutoa damu ilikuwa ndogo mno.

Huko kulikuwa kukata mshipa, wala si hijama. Lakini kosa lao laweza kuwa letu: kuifanya tiba moja kuwa dawa ya kila kitu. Tunahofu pale mwenye kisukari anapoacha dawa zake, mwenye upungufu wa damu anapochanjwa, au wembe mmoja unapopita migongo miwili. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI havichagui mwenye nia njema.

Dini yetu imekwisha kulitolea hukumu jambo hili. Katika Sunan Abu Daud imo hadithi kwamba anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba, yeye ndiye mdhamini wa madhara. Na sheria ya nchi ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ili kuwasajili waganga.

Basi, kabla ya kuvua shati, tuulize: umesajiliwa? Wembe ni mpya? Na hospitali tusiiache. Kuuliza si kuidharau Sunna, bali ni kuilinda.

Wabillahi tawfiq.