Nani Anamtazama Nani Ukumbini?

Umeenda kutazama mchezo wa kuigiza. Kabla taa hazijazimwa, simu ziko juu. Huyu anajipiga picha, yule anachungulia nani amekuja na nani. Usidhani ni kizazi chetu tu. Paris ilikuwa hivyo hivyo karibu miaka 150 iliyopita, na wachoraji waliliona jambo hilo.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mhadhara hupati hapa. Tafuta tu picha mbili kwenye simu yako.

Ya kwanza ni La Loge ya Pierre-Auguste Renoir, 1874. Mwanadada ameketi roshanini, gauni la mistari myeusi na myeupe, lulu shingoni, maua kichwani. Darubini yake ndogo ameishusha, uso umetuelekea sisi. Jamaa aliye nyuma yake (ni Edmond, ndugu yake Renoir, aliyekaa ili achorwe) ameinua yake, lakini anatazama juu. Jukwaa liko chini, bro! Huyo anakagua watu wa roshani zingine.

Ya pili ni In the Loge ya Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Paris, 1878. Hapa dada amevaa nyeusi hadi shingoni, kiwiko ukingoni, darubini iko machoni. Anatazama kwelikweli. Sasa angalia kule mbali: kuna mzee ameinama nje ya roshani yake, darubini imemlenga dada huyu. Hata aibu hana.

Najua utasema ya Renoir ni nzuri zaidi. Kwa rangi, nakubali, lile gauni ni moto. Lakini mwanamke wa Renoir amewekwa pale atazamwe, basi. Wa Cassatt ana shughuli zake. Na Cassatt alijua anachosema: shule kuu ya sanaa ya Paris haikuwa ikipokea wanawake hadi 1897.

Kuna wale watajibu, "Si alivaa vizuri ili aonekane?" Acha hizo. Mtu anaweza kuvaa apendeze na bado awe amekuja kutazama mchezo aliolipia.

Hii ya Cassatt nimeiweka kwenye skrini ya simu yangu. Juzi rafiki yangu akaiona, akauliza, "Huyu anatazama nini?" Swali la kwanza la maana nimesikia kumhusu. Yule mzee wa roshani hakuliuliza.