Kujinyima na Kunyimwa

Yuko mtu asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa. Hata asali ya nyuki huiacha. Huitwa mvegani. Chama cha watu wa namna hii kiliundwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson pamoja na wenzake. Siku hizi wapo katika miji yetu pia, na ubishi juu yao ni mwingi. Wengine huwacheka, wengine huwafuata mbio. Pande zote mbili zimesahau swali lipasalo kutangulia: ni nani mwenye hiari ya kukataa?

Wanaocheka hudai kwamba jambo hili ni la kigeni. Dai hilo ni dhaifu. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ilifuatwa na Wahindi, na miongoni mwao walikuwamo Wahindu na Wajaini wasioonja nyama maisha yao yote. Mwaka 1906 Waadventista Wasabato walifungua misheni Gendia, kusini mwa ghuba, nao tangu zamani husifu chakula cha mimea. Bibi zetu nao, kabla ya wageni hao, walichuma mnavu, mgagani, mrenda na kunde, wakalisha jamaa zao, ijapokuwa mboga hizo walizitia maziwa. Anayedharau mboga hadharau ugeni. Adharau jiko alilolelewa.

Sababu za wavegani ni tatu: huruma kwa viumbe, afya ya mwili, na hifadhi ya dunia. Hapana hata moja ya kubezwa. Mnyama huumia kama sisi. Ng'ombe hutoa methani, gesi izidishayo joto duniani. Mboga na kunde huufaa mwili, ingawa vitamini B12 haimo katika mimea, na asiyeitafuta penginepo hudhurika.

Lakini twende Obunga, kando ya mji wa Kisumu. Katika miaka ya 1950 sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, alitiwa katika Ziwa Viktoria. Akala samaki wadogo wa asili hata aina nyingi zikatoweka. Tangu miaka ya 1980 viwanda vilikata minofu yake na kuipeleka ng'ambo. Kilichobaki kilikuwa kichwa na mifupa. Wanawake wa Obunga walinunua masalio hayo, wakayaanika juani, wakayakaanga katika mafuta, wakayauza kwa majirani. Chakula hicho kikaitwa mgongo wazi. Minofu ilivuka bahari. Mifupa ikabaki kwa wenye ziwa.

Sasa mhubiri wa mboga amwendee mama aliyeketi mbele ya karai lake, amwambie aache samaki kwa ajili ya dunia. Atamwambia aache nini? Mnofu aliunyimwa zamani. Mfupa ndio mtaji wake na kitoweo cha watoto wake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Pengine mtu ataniuliza: Je, maskini hana dhamiri? Anayo, tena safi. Lakini dhamiri huchagua kati ya njia mbili, na aliyeachiwa njia moja hakupewa la kuchagua. Kujinyima ni fadhila. Kunyimwa ni dhuluma. Mwenye kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja humsifu maskini kwa njaa yake, kisha humlaumu kwa mfupa wake.

Kwa hiyo wito wa wavegani ni mwema, ila uanzie penye shibe. Uanzie katika hoteli zinazotupa nyama nusu sahani, na kwa matajiri wanaopima heshima ya karamu kwa idadi ya ng'ombe waliochinjwa. Hao ndio wenye cha kuacha.

Nawe kijana usomaye, usimcheke mwenzako alaye mboga kwa hiari, maana amejitawala, na kujitawala si jambo dogo. Nawe ukipenda kumfuata, mfuate. Lakini acha nyama iliyo katika sahani yako, si mfupa ulio mkononi mwa jirani.