Duka la Mtandaoni na Ahadi ya Nafasi ya Kwanza

Akina mama wafanyao biashara nyumbani, wa mabuibui, wa keki na wa udi, wengi sasa wana tovuti, na wengi hutulalamikia jambo moja: mtu akitafuta bidhaa kwenye Google, duka lao halionekani. Kisha huja fundi akaahidi kuwaweka nafasi ya kwanza kwa wiki mbili, na fedha za chama zikatoka. Ahadi hiyo twaomba isiaminiwe. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna awezaye kumdhaminia mtu nafasi ya kwanza, na kwamba kazi hii mara nyingi huchukua miezi 4 hadi mwaka 1 kabla ya faida kuonekana.

Mtambo wa kutafuta hupita kurasa moja baada ya nyingine, huyaweka katika daftari lake maneno uliyoyakuta, kisha mtu akiuliza huzipanga kurasa kwa kadiri zinavyomjibu. Basi duka ambalo ukurasa wake wa mbele umeandikwa "Karibuni" tu, na bei zote zimo ndani ya picha ya tangazo la WhatsApp, limeupa mtambo nini cha kusoma? Na yaandikwe maneno yenyewe: nguo ya namna gani, kitambaa gani, bei gani, yashonwa mtaa gani wa Mombasa, yafika Malindi kwa siku ngapi. Kila bidhaa iwe na ukurasa wake na kichwa chake. Na maneno yawe ya mnunuzi pia. Sisi twasema buibui, lakini binti aliyeko Nairobi huenda akaandika abaya. Yatajwe yote mawili katika sentensi za kawaida, si kurudiwa mara arubaini kama mtu avutaye uradi.

Ramani za Google nazo hupokea jina la biashara, simu na saa za kazi bila malipo. Mama asiyetaka wageni mlangoni pake anaweza kuificha anwani ya nyumba na kutaja maeneo anayoyahudumia tu. Hili wengi hawaambiwi.

Kuna viungo, wala hatusemi vya pilau, bali njia zitokazo tovuti moja kwenda nyingine. Tangu Larry Page na Sergey Brin walipoasisi Google mwaka 1998, ukurasa unaotajwa na kurasa zenye heshima huhesabiwa kuwa na uzito. Ndipo hila zikaingia, za viungo vya kununuliwa na kurasa za kuuhadaa mtambo. Mwaka 2006 Google iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani katika orodha yake kwa kurasa za namna hiyo. Kampuni ile ilirudishwa upesi. Mama mwenye tovuti moja atamwendea nani?

Ama sifa za wateja zinazonunuliwa, au kuandikwa na mabinamu wasiowahi kuivaa nguo hiyo, twaona zinakaribiana sana na najash, yaani asiyenunua kujitia kuongeza bei ili mwingine avutike. Mtume (s.a.w.) ameikataza, na hatuoni kwamba kioo cha simu kimeibadilisha hukumu.

Google ina huduma ya bure iitwayo Search Console, imwonyeshayo mwenye tovuti maneno ambayo watu waliyaandika hata wakamfikia. Mwenye biashara na aifungue kwa barua pepe yake mwenyewe, si ya fundi, kabla ya kumlipa shilingi ya mwisho.