Asada na ujasiri wa kurudi darasa la kwanza

Sidhani kuna neno linaloandikwa mara nyingi zaidi katika ripoti za wanafunzi wetu kuliko neno "Jitahidi". Mwishoni mwa kila muhula walimu huliandika kwa mamia, aghalabu usiku, rundo la ripoti likiwa halijafika nusu na kalamu ikianza kukwaruza. Mzazi hulisoma akatikisa kichwa. Mwanafunzi naye hulipokea kama mgonjwa apewaye vidonge asiambiwe vinatibu nini. Je, ajitahidi vipi? Na iwapo tayari anajitahidi, tena kupita kiasi, na bado alama hazipandi?

Ili kulijibu swali hilo naomba wasomaji, hasa walimu na wanafunzi, wanivumilie niwapeleke mbali kidogo, hadi Japani, kwa binti aitwaye Mao Asada, mshindani wa mchezo wa kuteleza kwa madaha juu ya barafu. Najua wapo watakaonung'unika kwamba barafu haituhusu sisi tunaoiona kwa mbali kileleni mwa Mlima Kenya na kwa karibu katika bilauri za soda. Lakini Philip Boit, mwana wa nchi hii hii, hakuiona haihusu alipokwenda Nagano mwaka 1998 kushindana katika mbio za kuteleza kwenye theluji. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Basi na tuendelee.

Mchezo wenyewe ni huu. Mshindani huvaa viatu vyenye ubapa wa chuma chini ya wayo, na kila ubapa una makali mawili, ya ndani na ya nje. Hucheza kwa muziki, kwanza onyesho fupi, kisha onyesho refu, na alama za maonyesho yote mawili hujumlishwa. Kiini cha ushindani ni miruko: mtu huruka, akajizungusha hewani mara mbili, tatu au zaidi, kisha akatua kwa mguu mmoja akiendelea kuteleza kinyumenyume. Kuna aina sita za miruko hiyo, na hutofautishwa na namna mtu anavyouacha uwanja, yaani ni makali gani ya ubapa yaliyogusa barafu mara ya mwisho kabla hajapaa. Ni jambo la unene wa uzi, nalo hupita kwa kufumba na kufumbua. Waamuzi, hata hivyo, huliona, na siku hizi huliangalia upya kwa picha za video.

Asada alizaliwa Nagoya tarehe 25 Septemba 1990. Desemba 2005, akiwa na miaka 15, alishinda Fainali ya Grand Prix mjini Tokyo na kumpiku Irina Slutskaya wa Urusi, bingwa wa dunia wa wakati huo. Miezi miwili baadaye Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ikafanyika Turin, Italia, na Asada akabaki nyumbani. Kanuni zilitaka mshindani awe ametimiza miaka 15 kabla ya Julai 2005, naye alipungukiwa na siku 87. Medali ya dhahabu ilichukuliwa na Mjapani mwenzake, Shizuka Arakawa.

Silaha yake kuu ilikuwa mruko uitwao Axel, kwa jina la Axel Paulsen wa Norway aliyeuonyesha kwanza mwaka 1882. Miruko mingine mitano huanza mtu akiwa anakwenda kinyumenyume. Huu peke yake huanza mtu akitazama mbele, na kwa hiyo humdai nusu mzunguko wa ziada. Anayesema amefanya Axel mara tatu amejizungusha mara tatu na nusu. Wanawake waliowahi kuuweza walikuwa wakihesabika kwa vidole. Katika Olimpiki ya Vancouver, Kanada, Februari 2010, Asada aliutua mara tatu katika shindano moja, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya kabla yake. Alitoka na medali ya fedha. Yuna Kim wa Korea Kusini, aliyezaliwa siku 20 tu kabla yake, hakuruka mruko huo hata mara moja, na bado alipata alama 228.56 dhidi ya 205.50 za Asada.

Hapo ndipo hadithi inapoanza kuwa na faida kwetu. Mwezi uliofuata Asada alishinda ubingwa wa dunia kwa mara ya pili, mara ya kwanza ikiwa mwaka 2008. Mtu mwingine angesema hesabu imesawazika, akapumzika na kungoja miaka minne ipite. Yeye alimwendea mkufunzi mwingine, Nobuo Sato, mzee aliyekuwa bingwa wa Japani mara 10 enzi za ujana wake na aliyemfunza bintiye Yuka hadi akawa bingwa wa dunia mwaka 1994. Wawili hao wakaamua kuibomoa miruko yote ya Asada na kuijenga upya.

Tafadhali tulitafakari jambo hilo. Bingwa wa dunia, mwenye umri wa miaka 19 akikaribia 20, anarudi kujifunza jinsi ya kuteleza mbele, jinsi ya kuusukuma mguu, jinsi ya kuruka mzunguko mmoja. Kwa nini? Kwa sababu katika mruko uitwao Lutz alikuwa na mazoea ya kupaa kwa makali ya ndani badala ya yale ya nje, na waamuzi walikuwa wakimkata alama kwa kosa hilo mwaka baada ya mwaka. Mruko wa Salchow, ambao kwa wengi ni rahisi kuliko hiyo mingine, kwa muda mrefu hakuutia katika maonyesho yake. Mara kadhaa mizunguko yake haikutimia kabla ya ubapa kugusa chini.

Wala tusidhani kwamba makosa hayo yalitokana na uvivu. Asada alisifika kwa mazoezi mengi mno. Kosa lake la Lutz lilikuwa limerudiwa maelfu ya mara, na kila alipolirudia lilizidi kuota mizizi. Ukimwambia mtu wa namna hiyo ajitahidi, unamwongezea maradhi. Mwanafunzi aliyezoea kufungua kila insha kwa msururu wa methali alizokariri atakapoambiwa aongeze bidii atakariri methali nyingine kumi. Yule anayekariri njia ya hesabu bila kujua inatoka wapi atakesha akikariri, na karatasi ikigeuza swali kidogo tu atakwama pale pale alipokwama muhula uliopita. Mimi nashikilia kwamba wengi wa wanafunzi tunaowaita wazembe wamechoka kwa kazi waliyoifanya vibaya kwa miaka, na hakuna aliyewahi kukaa nao akawaonyesha ni makali gani ya ubapa yanayogusa barafu.

Lakini kubomoa kuna gharama, na hili wanaosimulia ushindi hupenda kuliruka. Oktoba 2010 Asada alishindana Nagoya, mjini kwao, mbele ya watu waliomlea, akawa wa nane. Paris, mwezi uliofuata, akawa wa tano. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 2011, Moscow, alikuwa wa sita, na ya mwaka 2012, Nice, Ufaransa, akawa wa sita tena. Miaka miwili mizima bingwa wa dunia hakukaribia jukwaa la washindi wa dunia. Miruko ya zamani ilikuwa imekwisha kuvunjwa na ile mipya haijakomaa, hali anayoijua kila aliyewahi kubadilisha namna ya kushika kalamu akaona mwandiko wake ukiharibika kwanza. Ni katika muda huo ambapo mwalimu dhaifu angekata tamaa, na mzazi mwenye haraka angemhamisha mtoto shule.

Katikati ya msukosuko huo likampata pigo lisilo na uhusiano na alama. Desemba 2011 alikuwa Quebec, Kanada, tayari kwa Fainali ya Grand Prix, alipopata habari kwamba mama yake, mgonjwa wa ini, yu mahututi. Alijiondoa na kurudi nyumbani mbio. Mama alifariki tarehe 9 Desemba kabla bintiye hajamfikia. Kabla ya mwezi huo kwisha Asada aliingia katika mashindano ya kitaifa ya Japani, akashinda. Sina hakika kama ningemshauri mwanafunzi aliyefiwa arudi uwanjani upesi hivyo, na singependa mtu yeyote alitumie jambo hili kumkemea mtoto anayeomboleza. Kila mtu ana kipimo chake cha machozi.

Matunda ya kazi ya Sato yalianza kuonekana msimu wa 2012 hadi 2013. Kwa miezi kadhaa Asada aliiweka kando hata ile Axel yake ya sifa, akacheza bila silaha, akashinda. Aliirudisha Februari 2013 huko Osaka. Mwezi uliofuata alipata medali ya shaba ya dunia, na Desemba mwaka huo akashinda Fainali ya Grand Prix kwa mara ya nne. Akaenda Sochi, Urusi, kwa Olimpiki ya mwaka 2014, akiwa miongoni mwa waliotarajiwa dhahabu.

Tarehe 19 Februari, katika onyesho fupi, kila kitu kilimponyoka. Alianguka kwenye Axel, mruko mwingine haukutimia mizunguko, na mfuatano wa miruko aliotakiwa kuufanya ukasambaratika. Alipewa alama 55.51, akawa wa 16. Medali ilikuwa imekwisha kwenda zake. Kesho yake Yoshiro Mori, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Japani, alisema hadharani kwamba binti huyo huanguka kila mara wakati ulio muhimu. Mzee wa watu wazima, mwenye cheo, anamsimanga kijana aliyekwenda kuiwakilisha nchi yake! Bila shaka kila kijiji kina Mori wake, na kila chumba cha walimu, nasema kwa heshima, kina angalau mmoja.

Usiku wa tarehe 20 Asada aliingia uwanjani muda mrefu kabla ya kundi la mwisho, kwa kuwa nafasi yake ilikuwa chini. Muziki ulikuwa Konseto ya Pili ya Piano ya Rachmaninoff. Alianza kwa Axel, akatua. Ikafuata miruko mingine ya mizunguko mitatu hadi ikatimia minane, na ndani yake zilikuwamo aina zote sita. Lutz ilikuwamo. Salchow ilikuwamo. Waamuzi walimpunguzia alama hapa na pale, maana mkono wa jana haunyooki wote kwa siku moja, lakini walimpa 142.71, kiwango ambacho hakuwahi kukifikia katika onyesho refu. Muziki ulipokoma aliinua uso, akabubujikwa na machozi, kisha akajikaza akatabasamu na kuinamia watazamaji kwa heshima ya kwao.

Alimaliza wa sita. Dhahabu ilikwenda kwa Adelina Sotnikova wa Urusi na fedha kwa Yuna Kim.

Kuna watakaosema kwamba sifa hizi zimepita mpaka. Watadai kwamba ung'ang'anizi wake juu ya Axel ndio uliomnyima medali, na kwamba mwenye busara angeuacha mruko wenye hatari akacheza salama. Hoja hiyo haina uzito mdogo. Kim alionyesha Vancouver kwamba kazi iliyosafishwa hushinda kazi iliyo ngumu, na mwanafunzi anayeng'ang'ania swali gumu la mwisho huku mepesi matano yakimngoja hajafanya ushujaa wowote. Hata hivyo, Asada alikwisha kuthibitisha kwamba angeweza kuuacha mruko huo alipoona haja, na aliuacha. Mwenye kushikilia jambo kwa sababu hawezi kuliachilia ni mkaidi. Aliyeliachilia, akalichunguza, akalirudia kwa hiari yake, huyo namtafutia jina jingine. Tena Lutz na Salchow hazikumletea umaarufu wowote. Alizisahihisha kwa sababu zilikuwa na kasoro.

Mwezi mmoja baada ya Sochi mashindano ya dunia yalifanyika Saitama, Japani. Onyesho lile lile fupi lililomwangusha alilicheza kwa alama 78.66, rekodi ya dunia ya wakati huo, na akatwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya tatu. Alipumzika mwaka mmoja, akarejea mwaka 2015. Safari hii goti la kushoto lilimsumbua, na mwishoni mwa 2016 alikuwa wa 12 katika mashindano ya kitaifa. Aprili 2017 alitangaza kustaafu, akiwa na miaka 26. Olimpiki hakuwahi kushinda.

Novemba 2024 lilifunguliwa Tachikawa, katika jiji kuu la Tokyo, jumba la barafu lenye jina lake, na miongoni mwa kazi zake ni kuwafunza watoto kuteleza.