Barua ya Jeshi na Ng'ombe Watatu

Naomba niwasimulie kisa kilichotufika nyumbani, upande wa Siakago, kisha nitoe maoni yangu.

Binamu yangu alipomaliza kidato cha nne, moyo wake wote ulikuwa jeshini. Siku ya usajili alikimbia, akapimwa urefu, akakaguliwa meno, kisha akaambiwa arudi nyumbani. Wiki haikuisha. Bwana mmoja nadhifu akabisha hodi na habari kwamba kuna "nafasi za wakubwa" zimebaki. Bei? Shilingi 300,000. Ami akauza ng'ombe wake wote watatu na kukodisha shamba la muguka kwa miaka miwili.

Barua ikaja, ina nembo na mhuri. Waama, hata mwalimu wa zamu angeipigia saluti! Tulichinja mbuzi. Binamu akafunga safari hadi Eldoret kwenye chuo cha makurutu, na pale langoni jina lake halikuwemo. Usiku huo alilala seli. Yule bwana naye simu yake ikawa mteja.

Kijijini watu walisema, "Tamaa mbele, mauti nyuma." Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kijana kutaka kazi si tamaa. Kilichomponza ami ni imani tuliyo nayo wengi, hapa Embu na hata kule Meru, kwamba bila kitu kidogo hupati kitu. Tapeli hakuwa na haja ya kubuni uongo mkubwa. Alitumia maneno tunayoambiana kila siku tukinywa chai. Na baya zaidi, ami aliogopa kupiga ripoti. Angeanzia wapi? Sheria ya Hongo ya mwaka wa 2016 humshika anayetoa sawa na anayepokea. Tapeli alilijua hilo vizuri sana.

Usajili wa jeshi ni bure, hufanywa mchana hadharani, na waliofaulu hupewa barua zao papo hapo uwanjani. Barua inayoletwa nyumbani baadaye, hata iwe na mihuri kumi, ni karatasi tu.

Kazi za ng'ambo ni vivyo hivyo. Wakala sharti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri, na kuuliza si ujinga. Mwaka wa 2022 serikali ilionya kuhusu kazi za Thailand, ambako Wakenya walivushwa mpaka hadi Myanmar, wakafungiwa na kulazimishwa kuwatapeli watu kwa kompyuta. Wengine wao walikuwa wamesoma kutushinda sisi.

Kwa hivyo, ndugu zangu wa kidato cha nne, habari kama hizo zikija kwenu, semeni kabla ng'ombe hajatoka zizini. Mimi nilikuwepo siku ile, nikanyamaza kwa kuwa wakubwa walikuwa wanaongea.

Binamu sasa anachuma muguka kwa kibarua, katika shamba lile lile la baba yake, mpaka muda wa kukodisha uishe.