MLINZI WA UONGO NDANI YA KOMPYUTA

Hapa kwetu Butembo na Beni neno virusi halisemwi kwa mchezo. Tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020 tulinawa mikono penye kila kizuizi cha barabara, tukapimwa joto la mwili, tukazika ndugu zetu pasipo kuwagusa. Basi mtu wa huku akisoma juu ya kioo cha kompyuta yake ya kwamba virusi 38 vimekwisha kuingia ndani, moyo wake hushtuka upesi kuliko moyo wa mtu wa mahali pengine. Walaghai hawazijui habari zetu, lakini hila yao yatupata sawasawa.

Juma lililopita tuliitwa jioni katika nyumba ya jirani. Kijana wa nyumba ile yu karibu kumaliza chuo kikuu, na kazi yake yote ya mwisho ilikuwa ndani ya kompyuta moja itumiwayo na watu sita. Tulikuta dirisha jekundu limefunika kioo, king'ora chalia, na maandishi ya Kifaransa yaamuru: lipeni dola 50 sasa hivi, la sivyo faili zote zitapotea. Baba mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumwomba mfanyabiashara mmoja mwenye kadi ya benki amlipie. Dola zenyewe zilikuwa mezani, nazo zilikuwa ada ya shule ya binti mdogo. "Mwalimu," akasema, "afadhali tulipe kuliko mtoto kupoteza kazi ya miaka mitano."

Tulimsihi angoje kidogo.

Ulaghai huu una umri wake. Mwezi Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani iliwashtaki watu waliouza kinga bandia za namna hii, kama WinFixer na XP Antivirus. Waliodanganywa walipita milioni moja. Mwaka 2012 mahakama ya huko ilimhukumu mmoja wao kulipa zaidi ya dola milioni 163. Programu zile hazikukagua kitu chochote. Hesabu ya virusi ilikuwa maneno matupu, na mwenye kulipa alinunua ukimya wa king'ora tu. Tena aliacha namba za kadi yake mikononi mwa wezi.

Hapo tulimkumbusha yule baba jambo moja. Wakati wa Ebola wachanjaji walikuja na chanjo ya kweli, pasipo kudai hata faranga moja, na wengi wetu tuliwakataa, tukinena ya kwamba ni biashara ya watu. Leo yuaja asiyejulikana, atangaza ugonjwa na kuuza dawa kwa kinywa kimoja, nasi twamfungulia mkoba! Alicheka kidogo, akazirudisha fedha mfukoni.

Kisha tukaanza kazi. Kwanza tuliizima simu iliyokuwa ikitoa intaneti. Hatukugusa kitu ndani ya dirisha lile, hata alama ya kulifunga, maana nayo yaweza kuwa mtego uliochorwa. Tulibonyeza kwa pamoja Ctrl, Maj na Échap, ili tuione orodha ya programu zifanyazo kazi, tukakifunga kivinjari. Siku hizi mara nyingi mambo huishia hapo: onyo lilikuwa ukurasa wa intaneti tu, nalo hufa pamoja na kivinjari. Ukikifungua tena, usikubali kurudishiwa kurasa za zamani. Nenda kwenye mipangilio, uondoe ruhusa ya arifa kwa kila tovuti usiyoijua.

Kwa jirani yetu haikuwa hivyo. Dirisha lilibaki, likaifunga na ile orodha yenyewe. Kumbe kijana alikuwa ameingiza programu ya bure ya kusomea vitabu, na ndani yake alikuwamo mgeni.

Ilitubidi kuiwasha mashine katika hali ya usalama, ambamo Windows huja na vitu vyake vya lazima tu. Katika Windows 10 na 11 hushikiliwa kitufe cha Maj wakati wa kuchagua Redémarrer. Halafu hufuatwa Dépannage, Options avancées, Paramètres, Redémarrer, na mwisho namba 4. Katika Windows 7 hubonyezwa F8 kabla ya nembo kutokea. King'ora kilinyamaza, na mama wa nyumba akavuta pumzi.

Sasa tulimtafuta mgeni mahali anapojiamshia. Tuliandika regedit, tukaifungua rejista ya Windows, na kabla ya yote tukaitolea nakala, kwa kuwa anayefuta ovyo humo aweza kuiua mashine kuliko hata mlaghai. Tulishuka kwa utaratibu: HKEY_CURRENT_USER, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Run. Mlikuwa na mistari minne. Mitatu tuliitambua. Wa nne ulikuwa herufi zilizochanganywa pasipo maana, ukielekeza kwenye faili ndani ya folda iliyofichwa, AppData. Tulilitafuta jina lile kwa simu nyingine, lisijulikane popote. Tarehe yake ilikuwa ni ile ya programu ya vitabu. Tukaufuta mstari, tukaifuta faili, tukaiondoa na programu iliyomleta.

Lilisalia jambo ambalo wengi hulisahau. Mgeni wa namna hii huweza kugeuza njia ya intaneti ipite kwake, kwa kuandika seva ya proksi katika mipangilio. Tuliikuta, tukaizima. Ndipo tulipoiwasha mashine kwa kawaida, tukamwachia kazi mlinzi wa Windows mwenyewe, aliyemo ndani tangu Windows 8 ya mwaka 2012, wala haombi malipo. Alikagua saa nzima na zaidi, huku jenereta ya jirani ikinguruma, akakuta kipande kimoja kilichobaki, akakiondoa.

Kazi ya kijana ilikuwa salama, kurasa zote. Tulipomwuliza nakala yake nyingine iko wapi, alitazama chini. Asubuhi alikwenda sokoni kununua flashi.